Kutolewa fibula si kulemazwa mguu
Anayetengenezewa taya kwa mfupa wa mguuni huonywa na majirani kwamba atachechemea maisha yake yote. Kwa kawaida sivyo. Mfupa unaochukuliwa ni fibula, ule mwembamba wa upande wa nje. Uzito wa mwili hubebwa hasa na mfupa wa ugoko. Daktari huacha kama sentimita 6 hadi 8 chini, kifundo kisilegee, na kipande kingine juu karibu na goti, maana hapo inazunguka neva ya misuli inayonyanyua wayo. Ikijeruhiwa hiyo, wayo huburuta. Kinachoweza kusumbua ni kidole gumba cha mguu kukunjika kwa shida, kwani msuli wake umejishikiza kwenye fibula. Mtoto ni habari nyingine: kifundo chake kinaweza kupinda anapokua.