Goita imepungua, hoja ya madini joto haijaisha: maswali na majibu kuhusu tezi ya thairoidi

Tezi ya thairoidi inahitaji madini joto kwa ajili gani?

Tezi hii iko mbele ya shingo, chini ya koromeo, na hutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili, ukuaji wa mtoto na, muhimu kuliko yote, kukomaa kwa ubongo wa kijusi. Malighafi ya homoni hizo ni iodini, ambayo wengi wetu tunaijua kama madini joto. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji 250. Madini hayo yakikosekana kwa muda mrefu, tezi hushurutishwa kufanya kazi kupita kiasi na hatimaye huvimba, ndiyo goita, ambayo wengine huiita rovu.

Je, hali ya nchi imebadilikaje?

Imebadilika sana. Katika miaka ya 1980 goita ilionekana kwa takriban robo ya watoto wa shule waliopimwa nchini Tanzania, na katika baadhi ya wilaya za nyanda za juu, ambako mvua za karne nyingi zimeosha iodini kutoka kwenye udongo, ilikuwa zaidi ya nusu. Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe, ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha katikati ya miaka ya 1990 ikaweka kanuni za kulazimisha chumvi iwekwe madini joto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta goita kwa asilimia 7 hivi ya watoto wa shule, na kaya zilizotumia chumvi yenye madini joto zilikuwa asilimia 84 hivi.

Basi kwa nini sisi wa Dodoma tuendelee kulizungumzia?

Kwa sababu wastani wa taifa huficha mengi. Katika utafiti huohuo wa 2004 kiwango cha kati cha iodini kwenye mkojo wa watoto kilikuwa kizuri, lakini karibu robo yao walikuwa chini ya kiwango kinachotakiwa na zaidi ya theluthi walikuwa na iodini kupita kiasi. Taifa moja lilikuwa na upungufu na ziada kwa wakati mmoja. Tena, kipimo cha mtoto wa shule hakimsemei mama mjamzito, ambaye mahitaji yake ni makubwa zaidi. Mahali penye wazalishaji wadogo wa chumvi ndipo usimamizi huwa mgumu, na kwetu bado ipo chumvi ya kienyeji inayokusanywa kwenye ardhi ya chumvichumvi, kama ya ukanda wa Bahi, ambayo kiwandani haijapita. Naiona hatari hiyo kuwa kubwa kuliko ile ya chumvi ya dukani, ingawa nayo ina kasoro zake.

Ni kweli kwamba uwele husababisha goita?

Jibu lina pande mbili. Watafiti waliochunguza uwele baada ya kuona goita nyingi Darfur, Sudan, waligundua kwamba nafaka hiyo ina viambata vinavyozuia tezi kuitumia iodini ipasavyo. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri nao huzalisha kemikali inayoshindana na iodini kuingia kwenye tezi. Hata hivyo madhara haya hujitokeza hasa pale ambapo madini joto yenyewe ni haba na chakula ni kimoja mwaka mzima. Kumwambia mkulima wa Chamwino au Kongwa aache ugali wa uwele, zao linalomvusha katika ukame, lingekuwa shauri baya; ashauriwe kuhakikisha chumvi yake ina madini joto na kuchanganya vyakula kadiri awezavyo.

Chumvi itunzwe vipi?

Nunua iliyofungwa na yenye maandishi ya madini joto. Ile inayopimwa kwa kopo kutoka gunia lililoachwa wazi sokoni hupoteza madini yake kidogo kidogo kwa unyevu na jua. Nyumbani iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto, na itiwe kwenye mlenda au mboga inapokaribia kuiva. Kuongeza chumvi ili kupata madini zaidi hakufai, maana kunapandisha shinikizo la damu: gramu 5 kwa siku, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani, zikiwa na miligramu 30 za iodini kwa kila kilo, zinatosha kumpa mtu mzima zile maikrogramu 150.

Nimetumia chumvi ya pakiti miaka yote, mbona nina uvimbe shingoni?

Upungufu wa iodini ni chanzo kimojawapo tu. Kinga ya mwili inaweza kuishambulia tezi, ikafanya kazi kupita kiasi au ikalegea, na wanawake hupata maradhi hayo mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Vilevile kuna vinundu na saratani. Wazee wenye goita ya siku nyingi wanaweza hata kuzidiwa na homoni baada ya iodini kuongezeka ghafla, jambo lililoonekana Zimbabwe katika miaka ya 1990. Kwa hiyo uvimbe, kutetemeka mikono, moyo kwenda mbio, kupungua uzito bila sababu, au kinyume chake uchovu mzito, kuhisi baridi na kufunga choo, vinahitaji kipimo cha homoni katika damu. Uvimbe unaokua haraka, unaokwaruza sauti au kuzuia kumeza usisubiri: anzia zahanati na uombe rufaa siku hiyohiyo.