Je, wajua kwa nini mkaguzi wa kliniki haridhiki na mkanda uliogeuka rangi?

Nilimsindikiza mdogo wangu kliniki ya urembo hapa Dodoma, kwenda kutolewa chunusi. Mhudumu akachana pakiti ya karatasi mbele yetu, akatoa kijichuma chenye kitanzi nchani. Pakiti ilikuwa imefungwa kwa mkanda wenye mistari myeusi. Mistari ile naifahamu: kabla ya kuingia kwenye otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, huwa imefifia, na ikitoka huwa nyeusi ti. Nikaegemea kiti, roho ikatulia.

Jioni nikamsimulia wifi yangu, muuguzi aliyewahi kufanya kazi chumba cha kutakasa vifaa. Akacheka.

“Wifi, huo mkanda unakuambia pakiti imeingia jikoni. Haukuambii kama imeiva.”

Nilibisha, tena kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kama mistari imegeuka kwa joto, na joto linaua vijidudu, kuna nini tena? Kosa langu lilikuwa hapo. Wino wa mkanda unajibu joto lililoufikia wenyewe, nje ya pakiti. Haujui ndani kulikuwa na joto gani, wala haujui kama joto hilo lilikaa dakika zinazotakiwa. Viashiria vya namna hii vimepangwa katika aina 6, na mkanda ni aina ya 1. Kazi yake halisi ni ya kistoo: kumzuia mhudumu asichanganye pakiti zilizopita kwenye mashine na zisizopita. Kazi muhimu, lakini ni kama mhuri wa mlangoni kwenye harusi. Unaonyesha uliingia, hauonyeshi kama ulikula.

Kwa hiyo mkaguzi makini haishii kwenye cheti cha ukutani na vigae vinavyong’aa. Cheti nacho kina mambo yake. Kituo binafsi husajiliwa chini ya sheria ya hospitali binafsi ya mwaka 1977, daktari ana leseni yake peke yake kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, na vipodozi vilihamishiwa TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Kliniki moja, milango minne ya kubisha. Tuyaache hayo, maana utamu uko ndani ya mashine.

Anza na jiko la mkate. Mwokaji huingiza mkono kwenye tanuri lenye nyuzi 200, akatoa mkate na kutoka mzima. Lakini funua sufuria ya maharage kwa pupa, mvuke wa nyuzi 100 tu utakubabua. Sababu ni kwamba mvuke ukigusa kitu cha baridi hugeuka maji papo hapo, na katika kugeuka unatua mzigo wa joto ulioubeba. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji huachia joto zaidi ya mara 5 ya lile linalohitajika kupasha kilo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100. Hewa kavu haina mzigo huo. Ndiyo maana kutakasa kwa hewa ya moto huchukua kama saa 2 kwa nyuzi 160, wakati mvuke wa nyuzi 121 humaliza kazi ndani ya dakika 15 hadi 20.

Sharti ni moja: mvuke ukiguse chuma. Hapa ndipo hewa inapoharibu shughuli. Fikiria daladala iliyofika kituoni imejaa, abiria hawajashuka, na wengine wanasukumana kupanda. Hewa iliyobaki kati ya pakiti zilizoshindiliwa ni hao abiria wasioshuka. Mvuke unaishia mlangoni.

Na geji ya presha haitakusaidia, kwa sababu inahesabu vichwa bila kuuliza nani ni nani. Ikisoma paundi 15 kwa inchi ya mraba, na hewa yote imetolewa, ndani kuna nyuzi 121. Ikisoma 15 ileile huku hewa haikutolewa kabisa, joto linaweza kuwa nyuzi 100 hivi. Sindano ya geji imesimama palepale, na mkanda kwa nje huenda nao umepiga weusi wa kuridhisha.

Dodoma tunaongezewa kichekesho kingine. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Maharage yanajua. Geji nayo hupima tofauti ya presha ya ndani na ya nje, na presha yetu ya nje ni ndogo. Hivyo ili kufika nyuzi 121 inabidi geji isome karibu 17. Anayefuata 15 ya kitabu kilichoandikwa kwa watu wa pwani anabaki nyuma kidogo kila siku. Mashine za kisasa zinazopima joto lenyewe hazina shida hiyo. Wanaohusika ni wenye mitungi ya kizamani inayokaa juu ya jiko.

Sasa, tusitishane. Sindano kliniki hutumika mara moja na kutupwa, kwa hiyo mjadala huu unahusu vikoleo, vibano, mikasi na vijichuma vya chunusi. Tena milipuko kadhaa ya maambukizi ya ngozi iliyofuata huduma za urembo duniani ilihusishwa na vimelea jamaa wa kifua kikuu wanaoishi kwenye maji ya bomba, na uvimbe hujitokeza wiki kadhaa baadaye, mteja keshasahau alikwenda wapi. Ukitakasa kijichuma vizuri kisha ukakisuuza bombani, umerudi ulipoanzia.

Jibu la uhakika zaidi la kujua kama mzigo umeiva ni la ajabu. Unachukua kichupa chenye spora, yaani hali ya usingizi yenye ganda gumu, za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, sugu wa joto kiasi kwamba hustawi kwenye nyuzi 55 hadi 60, unamweka katikati ya mzigo, halafu unajaribu kumuua. Kichupa cha pili hakiingii mashineni kabisa. Vyote viwili vinaatamishwa pamoja, yaani vinawekwa kwenye joto la kuwaotesha bakteria. Wa kwanza asipoota na wa pili akaota, mashine imefaulu. Wote wawili wasipoota, jaribio ni batili, kwani huenda ulinunua maiti.

Tuliporudi kwa awamu ya pili niliomba kuona daftari la mashine. Mhudumu akaleta kauntabuku bila kununa. Safu ya joto ilikuwa 121 mstari baada ya mstari, isipokuwa siku moja iliyoandikwa 117, na pembeni kwa kalamu nyekundu: “Umeme umekatika. Mzigo umerudiwa wote.” Nilimpigia picha wifi ukurasa huo. Akajibu kwa neno moja: “Imeiva.”