Usukani Ukitikisika, Usikimbilie Shokapu

Gari la porini likianza kutikisa usukani, mara nyingi kitu cha kwanza kununuliwa dukani ni shokapu ya usukani. Inafungwa kwa dakika chache, mtikisiko unapungua au unakoma kabisa, dereva anashukuru na safari zinaendelea. Baadaye mtikisiko unarudi ukiwa mkali zaidi, na mara nyingi unarudi gari likiwa kwenye lami, limeshika kasi na limejaa watu. Kwenye karakana tunazofundishia tunayapokea magari ya namna hii kila mara. Shokapu ile imewekwa na kiwanda ipooze mapigo ya mawe na mashimo. Ikifungwa ili izuie vyuma vilivyolegea visitikisike, inaficha ulegevu wakati ulegevu wenyewe unaendelea kukua, na dereva ananyimwa onyo ambalo usukani ulikuwa ukimpa.

Nitazungumzia zaidi Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ile tunayoiita mkonga, kwa sababu ndiyo inayopeleka watalii mbugani na kubeba wagonjwa kutoka vijijini. Ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Mwaka 1999 springi bapa za mbele zilipisha koili springi, lakini ekseli ya mbele imebaki ile ile ngumu inayounganisha magurudumu mawili kwa chuma kimoja. Mwenye Land Rover Defender ya zamani au Nissan Patrol yenye ekseli ngumu naye asome, maana mambo karibu yote yanamhusu.

Nguvu ya mkono wa dereva hupita njia ndefu kabla ya kufika kwenye tairi. Inashuka kwa shafti yenye krosi ndogo, inaingia steringi boksi, yaani kisanduku cha gia za usukani kilichofungwa kwenye chesisi, inatoka kwa mkono wa pitimani, unaosukuma dragi linki, fimbo ya chuma inayogeuza gurudumu la upande mmoja. Tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili, ndiyo inayolivuta gurudumu la pili lifuate. Kila chuma kinapokutana na chuma kingine pana bolijointi (kiungo cha tufe ndani ya kikombe), bushi (raba inayokaa kati ya vyuma) au beringi, na kila kimoja kikilika nusu milimita tu, mkono wa dereva unapokea jumla yake.

Ndani ya boksi mna skrubu na nati, na kati yake zinazunguka gololi za chuma. Muundo huu unavumilia mapigo, ndiyo maana umebaki kwenye magari ya kazi wakati magari madogo yamehamia kwenye reki, yaani upau wenye meno. Upungufu wake ni kwamba hausemi sana. Pigo ambalo kwenye gari dogo lingemfikia dereva mkononi, hapa sehemu kubwa inaishia kwenye boksi. Tena ulegevu huja polepole, na dereva wa kila siku anauzoea: mkono wake unajifunza kusahihisha gari wenyewe bila yeye kujua. Anayegundua huwa ni dereva wa zamu aliyepewa gari kwa siku moja. Akirudi akasema gari linatangatanga, asipuuzwe kwa kuambiwa hajalizoea.

Njia zetu nazo hazina huruma. Barabara ya changarawe ndani ya hifadhi ya Serengeti, kutoka lango la Naabi kwenda Seronera, inajulikana kwa mawimbi yake madogo madogo. Chukulia mawimbi hayo yamepishana sentimita 60 na gari linakwenda kilomita 60 kwa saa: tairi inapigwa karibu mara 28 kila sekunde, kama mara laki moja kwa saa. Hakuna bolijointi inayopitia hayo msimu mzima ikabaki mpya, hata iwe ya kampuni gani.

Kupima hakuhitaji mashine. Simamisha gari mahali tambarare, tairi zikiwa zimenyooka na zimekanyaga chini, washa injini kama usukani ni wa hadroli. Geuza usukani kidogo kidogo kwa vidole mpaka uone tairi imeanza kusogea, kisha rudi upande wa pili. Nafasi ambayo usukani unazunguka bure ipimwe kwa rula kwenye ukingo wake. Vitabu vya ufundi vya magari mengi ya aina hii vinaweka kikomo kati ya milimita 30 na 40. Usidharau namba hizo. Tairi zikipinda theluthi moja tu ya nyuzi bila dereva kukusudia, gari la urefu wa mkonga likiwa kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa litakuwa limesogea pembeni karibu nusu mita ndani ya sekunde moja. Kwenye barabara nyembamba, nusu mita inatosha kukutana na basi.

Ukishajua kuna ulegevu, tafuta ulipo. Mtu mmoja akae ndani auchezeshe usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi wa haraka, mwingine awe kando ya ekseli na taa, gari likiwa limewekewa kigingi na breki ya mkono imevutwa. Asitegemee macho peke yake. Ashike kila kiungo kwa kiganja, vidole vikiwa juu ya vyuma vyote viwili. Bolijointi iliyokufa unaisikia ikigonga chini ya vidole kabla hujaiona. Apite pia kwenye boksi lenyewe: bolti zinazolishikilia zikilegea, au chesisi ikiwa na ufa pale linapokaa, boksi zima linasogea, na ubadilishe tairodi ngapi hutapona. Magari yaliyofungwa tairi kubwa kuliko za kiwanda yaangaliwe sana hapo. Panadi, ule mkono unaoizuia ekseli isiende pembeni kwenye magari ya koili springi, nayo ikiisha bushi hutoa dalili zile zile za usukani mbovu, na mafundi wengi hawaigusi.

Sehemu ninayoomba itazamwe kuliko zote ni kingipini, mhimili ambao gurudumu hugeukia. Kwenye ncha za ekseli ya mkonga kuna bakuli la chuma la mviringo, na gurudumu hugeuka likizunguka beringi mbili ndogo, moja juu na moja chini. Beringi hizi hazizunguki mzunguko mzima. Muda mwingi gari linakwenda mbele, kwa hiyo zinapigwa mahali pale pale, mpaka roli zake zinachimba vishimo kwenye njia yake. Ukiinua gari kwa jeki, ukachomoa tairodi na kugeuza gurudumu taratibu kwa mkono, utasikia linanasa katikati, kama linataka kukaa hapo. Dereva kwa upande wake anasema usukani mgumu kidogo katikati halafu unaachia ghafla. Hiyo ni beringi iliyochimbika, na grisi haitairudisha.

Kinachoiua mapema ni maji na oili. Sili ya ndani ya ekseli ikichoka, oili ya difu (gia za ndani ya ekseli) hupenya mpaka kwenye bakuli, inaiyeyusha grisi, na mchanganyiko wake mweusi unaanza kuvuja nje juu ya lile bakuli linalong'aa. Wengi hulifuta kwa kitambaa na kuendelea. Lakini majimaji hayo yana maana kwamba beringi za kingipini zinaogea oili badala ya kukaa ndani ya grisi nzito, na wakati huohuo difu inapungukiwa. Gari likivuka mto maji yakafika juu ya habu (kitovu cha gurudumu), grisi ya humo ichunguzwe. Ikigeuka rangi ya maziwa, fungua.

Kuitofautisha kingipini na beringi ya gurudumu ni rahisi. Gurudumu likiwa juu na gari limekaa kwenye stendi imara, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha litikise tena. Mchezo ukikoma, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingipini. Fundi anayebadilisha beringi hizo azirudishe shimu (vibati vyembamba) za kubana kwa kipimo, akitumia mizani ya springi kama kitabu kinavyoelekeza. Akikadiria kwa mkono atakuachia gari linalotikisika au usukani mzito.

Kabla ya kufungua chochote, osha rimu kwa ndani. Udongo mweusi wa mbugani unaganda ndani ya rimu, ukikauka unakuwa uzito wa upande mmoja, na gari linatikisika kama lina ugonjwa mkubwa. Kagua na upepo wa tairi. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu lipimwe kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, maana kuinua mbele huilaza ekseli vibaya na tairi hupoteza tabia ya kujirudisha zenyewe katikati.

Kuna skrubu juu ya steringi boksi ambayo mafundi hupenda kuikaza ili kuondoa mchezo. Ina kazi yake, lakini iguswe mwisho, baada ya viungo vyote kuthibitishwa kuwa vizima, dragi linki ikiwa imechomolewa na boksi liko katikati. Ikikazwa kupita kiasi, meno na gololi husagana, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na boksi la thamani kubwa linaharibika kwa sababu ya tairodi ya bei nafuu.

Nalisema hili kwa uchungu: kiungo cha usukani hakichomelewi, wala bolijointi iliyoisha haijazwi kipande cha raba ya tyubu. Nati ya tairodi iwe na kotapini halisi, ile pini inayoizuia nati isifunguke, maana msumari uliokunjwa hukatika, na nati ikitoka gurudumu moja linakwenda kushoto na jingine kulia. Watu wanakufa kwa sababu hiyo. Mwenye gari aliyeshindwa kununua kipuri kwa leo, gari lilale.

Mtikisiko ukikukuta njiani, usishindane na usukani na usikanyage breki ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika kwa uimara, acha kasi ishuke mpaka utulie, kisha simama pembeni salama na ukague nati na rimu. Kwenye mawe na vichaka, dole gumba likae juu ya ukingo wa usukani, nje ya mikono yake ya katikati, kwani tairi ikigonga kisiki usukani unaweza kujizungusha na kulivunja.

Baada ya kubadilisha viungo, alaimenti, yaani unyoofu wa tairi, ipimwe siku hiyo hiyo, la sivyo tairi mpya zitaliwa upande. Nati zote zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya. Shokapu ya usukani ifungwe mwisho, na kabla haijafungwa, fundi aliendeshe gari kwa uangalifu bila hiyo kwenye njia tulivu, akianza na kasi ndogo. Likianza kutikisika, apunguze kasi na alirudishe gereji, kazi haijaisha.