Ati picha za nyumbani hazina siasa

"Hizi za nyumbani tu, fundi, hazina siasa." Nimechoka kuyasikia maneno haya. Vijana ninaowafundisha kupiga picha huyasema wakitaka niwapeleke moja kwa moja kwenye maandamano na moshi wa vitoa machozi. Akina mama wanaoniletea albamu za harusi niwaskanie nao huyasema, tena kwa kuomba radhi.

Hapa Mombasa watu wengi wana nyumba bila ardhi: kuta umejenga wewe, kiwanja kina mwenyewe. Mzizi mmojawapo ni sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyowataka watu wa pwani wadai ardhi zao rasmi. Isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya mkoloni. Ukizuka mgogoro leo, mwenye hati ana karatasi. Wewe una nini? Una picha ya 1978: bibi amekaa barazani, nyuma yake mlango, mwembe mchanga na kibao cha duka la jirani. Haikupi umiliki, tusidanganyane. Lakini anayedai ardhi ya mtu binafsi kwa kuikalia waziwazi miaka 12 bila idhini ya mwenyewe hutakiwa kuithibitisha miaka hiyo, na mkiambiwa mlivamia juzi, mwembe ule unajibu.

Ernest Cole, mpiga picha wa Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi, alipiga picha za treni zilizojaa, vyumba vya watumishi, na mtoto aliyechutama darasani jasho likimtoka usoni. Kitabu chake kilitoka ng'ambo mwaka 1967, kwao kikapigwa marufuku. Baadaye mpiga picha mwenzake, Santu Mofokeng, akakusanya picha za studio za familia za Waafrika za kati ya 1890 na 1950, watu na suti zao, wametulia. Serikali ya kibaguzi ilikuwa imewachora vingine kabisa. Sasa niambieni picha ya familia haina siasa.

Kinachoiua ni kukosa maelezo. Geuza picha, andika majina, mtaa na mwaka kwa penseli laini, pembeni. Si kalamu ya wino! Wino hupenya. Na zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki, zitoeni picha humo kabla hazijang'ang'ania.

"Ziko WhatsApp, ziko salama." Haziko. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, hubanwa na kuvuliwa tarehe na mahali ilipopigwa. Itume kama dokumenti, na nakala nyingine uiweke nje ya simu. Picha ya maandamano ni kinyume chake: kabla ya kuisambaza ondoa mahali, na ziba nyuso za wanaoweza kufuatwa.

"Simu haitoshi." Inatosha. Futa lenzi.

"Kupiga picha barabarani ni kosa." Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda uhuru wa kutafuta na kutoa habari, ila ya 31 inalinda faragha ya huyo unayempiga. Maeneo yaliyolindwa kisheria ni habari nyingine, na kivukoni Likoni acha simu mfukoni. Kwingineko, anayekukataza muulize kwa adabu ni sheria gani. Barazani kwa mtu, piga hodi kwanza. Ukikataliwa, shukuru uende.