Word haijawahi kuongea na printa yako

Wiki hii ni mara ya tatu. Dada mmoja mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na Mtaa wa Tom Mboya, Nairobi, ananipigia: "Fundi, Word imekataa kuongea na printa. Nimeitoa, nimeiweka upya, bado." Maskini Word, imekosa nini?

Word haijawahi kuongea na printa yako hata siku moja. Kazi yake ni kuikabidhi spula hati yako. Spula ni ile huduma ya kupanga foleni ya kuchapisha, inayoamka pamoja na Windows na kukaa nyuma bila dirisha wala ikoni. Spula na draiva, ile programu inayojua lugha ya printa, ndizo zinazohangaika hadi baiti ziteremke kwenye waya. Kwenye Linux mwenye zamu ni spula iitwayo CUPS. Mambo ni yale yale, siyarudii.

Kinachonichosha ni neno "imetumwa". Mtu anaona ujumbe umepita, karatasi haitoki, anasema programu imemdanganya. Wapi! Ukiacha kifurushi kwenye ofisi ya basi kule River Road ukapewa risiti, risiti inasema kimepokewa River Road. Haisemi kimefika Kisumu. Programu nayo ilipewa risiti na spula, ikaendelea na shughuli zake. Wino ukiisha baadaye, karatasi ikikwama, waya ukichomoka, yenyewe haimo. Zipo programu zinazorudi kuulizia foleni, lakini nyingi hazijisumbui. Na spula haiwezi kukurushia dirisha usoni yenyewe: tangu Windows Vista, 2007, huduma hukaa kwenye kikao namba 0, kilichotengwa na skrini yako. Ikiwa na neno la kukuambia, lazima ipitie kwa programu nyingine.

Turudi kwa dada. Kazi moja mbovu ya kuchapisha ilikwama mbele, nyingine zote zikajipanga nyuma yake. Akazima kompyuta, akawasha. Wapi. Foleni hiyo iko kwenye diski, folda ya System32\spool\PRINTERS, na kwa kawaida kila kazi ina faili mbili: SPL yenye kurasa zenyewe, SHD yenye maelekezo. Spula ikiamka inazisoma upya, na ile mbovu inarudi kiti chake cha mbele kama vile haikushuka. Kuitoa Word hakugusi folda hiyo hata kidogo. Nilisimamisha spula, nikafuta vilivyomo (folda yenyewe iache, tafadhali), nikaiwasha. Dakika mbili, baada ya asubuhi nzima kupotea na watu wa PIN ya KRA, namba ya kodi, wamejaa mlangoni.

Kwa nini ile kazi ilikwama? Sijui. Nashuku draiva, lakini ukweli ni kwamba huwa nafuta ushahidi kabla ya kuuchunguza, maana mteja amesimama mgongoni pangu anahema.

Neno "oflaini" nalo silitegemei. Printa ya mtandao mara nyingi huulizwa hali yake kwa SNMP, njia ya kuulizia vifaa vya mtandao viko vipi. Isipojibu, Windows inaitangaza maiti huku taa yake ya kijani inawaka. Nikiondoa tiki ya SNMP kwenye mipangilio ya poti, aghalabu inafufuka. Isipofufuka, naanza kubahatisha kama wewe.

Jioni simu ikalia tena. Sasa ni skana.

"Fundi, niitoe Chrome?"