Je, wajua kwa nini farasi akivunjika mguu hudungwa sindano ya kufa?

Juzi kwenye kibanda kimoja cha kubeti hapa Mtwara, mbio za farasi za kwenye skrini zilizua ubishi. Kijana mmoja amesikia kwamba huko Marekani farasi wa mamilioni akivunjika mguu anauawa siku hiyohiyo. Hakuelewa. "Mbuzi wetu alivunjika masika, baba akamfunga vijiti vya mianzi na kipande cha kitenge. Haikupita muda akawa anapanda kichuguu. Hao wenye mashine zote wanashindwa nini?"

Wanashindwa na uzito. Mbuzi wa kilo 25 anachechemea kwa miguu mitatu, akichoka analala. Farasi wa mbio anakaribia kilo 500, na hawezi kukaa amelala chini wiki nzima: mapafu na utumbo vinamsumbua, ngozi inaota vidonda. Halafu tazama mkono wako. Kinachoitwa goti la mguu wa mbele wa farasi ndicho kifundo chako cha mkono, na kwato ni ukucha wa kidole cha kati. Kuanzia kwenye goti hilo kushuka chini hakuna msuli, ni mfupa, kano na ngozi. Mfupa ukipasuka, kipande hutoboa ngozi kwa urahisi, uchafu ukaingia, na damu ya kuponya ni kidogo.

Hata hivyo mfupa wenyewe huungika. Farasi aitwaye Barbaro alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za Marekani, Mei 2006, wiki mbili baadaye akavunjika mguu wa nyuma wa kulia. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakamtia bamba la chuma na skurubu 27. Mguu ule ukaanza kupona. Kilichomponza ni ule mzima, wa kushoto. Ndani ya kwato mfupa unaning'inia kwa vijani vyembamba vya nyama, navyo hupata damu vizuri pale farasi anapobadilisha mguu wa kusimamia. Akielemea mmoja kutwa kucha, vijani huachia na mfupa hudidimia. Januari 29, 2007, wakamdunga sindano.

Ruffian, farasi jike wa mbio wa Marekani, hakufika hata huko. Mwaka 1975 alifanyiwa upasuaji, akaamka kwenye nusukaputi akirusha miguu kama bado yuko uwanjani, akaharibu kazi yote ya madaktari. Siku hizi baadhi ya farasi huamshwa wakiwa wanaelea kwenye bwawa. Mgonjwa wa kibinadamu unamwambia "tulia, utapona". Farasi utamwambiaje?

Nyufa ndogo hutibiwa, na wapo wanaorudi kukimbia. Watoto wa farasi, kwa wepesi wao, hupona vizuri kuliko wakubwa. Ugumu uko kwa yule aliyesagika mfupa ambaye bado ana thamani ya kuzalisha. Sheria za farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred, kama Barbaro, haziruhusu kupandikiza mbegu kwa mrija. Dume lazima apande jike mwenyewe, yaani asimame kwa miguu ya nyuma. Kwa hiyo miezi ya maumivu huweza kuwa ya kumwokoa farasi, au ya kuuokoa mradi wa mwenye farasi, na kwa nje huwezi kutofautisha. Mimi ningemuuliza daktari jambo moja tu: maumivu haya unaweza kuyatuliza, leo na mwezi ujao? Akisitasita, basi.

Kwetu swali hili halijapata kutukosesha usingizi. Ng'ombe akivunjika mguu ni kisu na bismillahi, nyama inauzwa kabla ya magharibi. Na farasi wenyewe hatukuwazoea, mbung'o hawakuwapa nafasi. Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho pande hizi za Mikindani mwaka 1866, alikuja na ngamia, baghala na punda, akitaka pia kuona kama ngamia wataweza kuhimili mbung'o. Wanyama wake wengi waliishia njiani.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mbuzi ana bahati kuliko farasi?"

Mwenye kibanda hakuinua hata macho kwenye chenji aliyokuwa anahesabu. "Mpaka Idi kubwa."