Kaini hakukataliwa kwa sababu ya muhogo

Swali la Kaini limerudi tena katika darasa la kipaimara, na safari hii limetoka kwa mzazi: sikukuu ya mavuno si afadhali alete kuku, maana Kaini alileta mazao na Mungu akayakataa, akaipokea sadaka ya mnyama ya Habili nduguye? La, mama. Lete muhogo wako.

Hebu someni Walawi 2. Sura nzima ni sadaka ya unga, mafuta na ubani, na Mungu anaipokea kuwa harufu ya kumpendeza. Kumbukumbu la Torati 26 inaagiza malimbuko ya shamba yatiwe kikapuni na kuwekwa mbele ya madhabahu. Hoja kwamba Mungu alitaka sadaka ya damu haimo katika Mwanzo 4. Tumeipachika wenyewe, kisha tukawarithisha watoto.

Kilichomo ni hiki: anatajwa mtu kwanza, ndipo sadaka yake. Habili alikubaliwa, na sadaka yake. Kaini hakukubaliwa, wala sadaka yake. Waebrania 11:4 inataja imani ya Habili, 1 Yohana 3:12 inataja matendo maovu ya Kaini, nami nafundisha hivyo. Lakini Mwanzo yenyewe haisemi Kaini alikosea wapi kabla hajatoa, na jambo hilo linanikosesha raha kila nifikapo hapo.

Wapo wanaorukia upande wa pili: moyo tu, namna si kitu. Basi Nadabu na Abihu, wana wa Haruni waliotoa moto wa kigeni mbele za Bwana, Walawi 10, walikufa kwa nini? Namna ina uzito wake, ingawa mpaka uko wapi sijaweza kuuchora. Ila Amosi 5 na Isaya 1 haziachi shaka. Sikukuu zilishikwa, nyimbo ziliimbwa, sadaka zilitolewa, na Mungu akachukizwa kwa ajili ya maskini waliodhulumiwa. Ukiwa hujamlipa mchumaji wako wa karafuu, Mathayo 5:23-24 inakuhusu: iache sadaka, nenda kwake kwanza.

Sisi wa Mkunazini, hapa Unguja, tungepaswa kuwa wa mwisho kusahau hayo. Kanisa letu Askofu Steere alilijenga penye soko la watumwa lililofungwa 1873. Na mwaka 1923 Askofu Frank Weston wa Zanzibar, mpenda ubani na tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, aliwaambia wenzake kule London kuwa hawawezi kudai wanamwabudu Yesu katika tabernakulo ikiwa hawamhurumii katika mitaa ya mafukara. Hakuwaambia wazime vyetezo. Aliwaambia watoke wamtafute kwa walio uchi na walioonewa, na wakimpata wajifunge kitambaa, wawaoshe miguu.